Mkalimani Aliyekosea Alama Moja

Saa mbili asubuhi, mkalimani wa lugha ya alama amesimama kando ya ubao, hatulii. Anajifuta viganja kwenye sketi, anasogea kulia, anarudi kushoto. Wanafunzi tisa viziwi wanamkazia macho. Mtihani wa mwisho wa biolojia umebaki siku nne.

"Leo naanza kwa kuomba radhi," anasema kwa mikono.

Wiki tatu zilizopita, mwalimu wa biolojia alifundisha jinsi molekuli za sukari zinavyoungana kuwa wanga. Alitaja neno kondensesheni. Mkalimani alilijua kutoka jiografia: mvuke ukipoa huwa maji. Akatoa alama hiyohiyo.

Kwenye jaribio, wote tisa waliandika kwamba sukari hupoa na kuwa maji. Wote walipata sifuri kwenye swali hilo.

"Mwalimu alidhani wameibiana majibu," anasema mama huyu wa watoto wawili. "Mimi nilipoziona karatasi, nikaona mikono yangu. Walikuwa wameninakili mimi."

Kazi hii ilimwanzia nyumbani. Mdogo wake ni kiziwi, naye dada mtu alikuwa ulimi wake tangu utotoni. Sasa ana vipindi thelathini na vitano kwa wiki, peke yake. Sayansi aliiacha kidato cha pili.

"Neno linaingia sikioni, linatokea mkononi papo hapo. Pa kuuliza hapana."

Safari hii aliuliza. Mwalimu alimchorea glukosi mbili: moja inaachia hidrojeni, nyingine hidrojeni na oksijeni. Vilivyoachwa vinakuwa maji, zenyewe zinashikana.

Sasa, mbele ya darasa, mkalimani anaunganisha ngumi mbili, kisha kwa kidole anaonyesha tone likidondoka. Binti wa dawati la mbele, ambaye wenzake humwita Wakili kwa ubishi wake, anatikisa kichwa.

"Umechelewesha maji," anapinga kwa alama. "Yanatoka wakati zinashikana."

Anapinda vidole viwili vya shahada kama kulabu, anavinasisha, na hapohapo kidole gumba kinashuka kama tone. Darasa zima linamwiga. Mwalimu wa biolojia, anayetazama kutoka mlangoni, anakubali.

Nje ya darasa, mkalimani bado hatulii. Somo hilo alilitafsiri mwaka jana pia, kwa alama ileile ya mvuke. Msichana mmoja wa darasa hilo alikosa chuo cha uuguzi kwa maksi mbili. Swali la kondensesheni katika mtihani wake lilikuwa na maksi nne.

"Hajui kwamba kosa lilikuwa langu," anasema. "Likizo ikianza tu naenda kwao. Nitamwambia ukweli mbele ya mama yake. Akikubali kurudia mtihani, nitakaa naye kila Jumamosi mpaka siku yenyewe. Akinifukuza, nitarudi tena."