Dhikri ya Paka wa Ergash

Siku hizi, kwenye kibaraza cha Ergash, mwoka mikate wa mji wa Kokand, wageni ni wachache na chai hunywewa kimya kimya. Sauti iliyokuwa ikiwaleta haipo tena.

Ilikuwa sauti ya Momiq, paka mweupe aliyezaliwa kando ya tanuri. Tangu udogo wake alikoroma hata akiwa macho, kama msumeno butu kwenye ubao mbichi. Mtaani kila mtu anajua kwamba paka akinguruma anamtaja Mungu, ila huyu, Ergash alisema, hapumziki. Ergash alikuwa mgane; kabla ya Momiq watu walimjia kwa mkate tu. Sifa za paka zilipoenea, watu wazima walivua viatu mlangoni pake na kutega sikio ubavuni mwa paka wake.

Jirani yake Tojivoy alimtania: "Fundi, paka amekupita kwa ibada. Wewe alfajiri tunakusikia ukitukana unga."

Ergash alicheka kuliko wote. Momiq hakukimbia wala kupanda ukuta, na Ergash akawaeleza wageni kuwa huo ndio utulivu wa mcha Mungu.

Muqaddas, binti wa dada yake, ndiye aliyempeleka paka kwa daktari wa mifugo. Alirudi na picha ya kifua. Pafu moja halikukua tangu tumboni mwa mama yake, na jingine lilikuwa likiumizwa na moshi wa tanuri.

"Mjomba, hataji kitu," alisema. "Anatafuta hewa."

Ergash aliahidi kumhamisha mbali na tanuri. Lakini wageni wa Ijumaa walikuwa wameshaalikwa, mmoja wao akija kutoka Margilan na mama yake mgonjwa. Basi alijua, na bado akamlaza paka juu ya mto katikati yao. Yule mama alifumba macho, machozi yakamtiririka kwa furaha. Momiq akaachama, ulimi ukageuka buluu, akaanguka.

"Mwacheni," mtu alinong'ona. "Amezama katika dhikri."

Ergash angeweza kunyamaza.

"Hajazama popote," alisema. "Ni mgonjwa. Nilikuwa najua."

Akambeba na kutoka mbio, unga ukiwa bado mikononi. Hakuna aliyemkemea. Waliinama tu kutafuta viatu vyao, na mpaka leo hilo ndilo linalomchoma.

Momiq yuko kwa Muqaddas, ng'ambo ya pili ya mji, kwenye nyumba isiyo na tanuri. Huvutishwa dawa asubuhi na jioni.