Mechi Tuliyoiacha kwa Ajili ya Ndagala

Juzi nilifungua mfuko wa ndagala wakavu, dagaa wa kwetu, katika hosteli ya klabu yetu, na wenzangu wawili wa chumba wakatoka wameziba pua kana kwamba nimefukua maiti. Wacheke tu. Harufu ile hunirudisha Uvira, kwenye uwanja wetu wa mchanga, na kila inaponirudisha huko napandwa na hasira kabla hata ya kuhisi njaa. Ngoja niwaeleze, labda itapungua.

Uwanja ulikuwa hatua chache kutoka ziwani. Zamani kina mama walianika ndagala ufukweni, lakini maji yalipanda yakameza mchanga wao, wakasogea na neti zao za kuanikia hadi kwenye mstari wetu wa pembeni. Mpira ukitua juu ya samaki, ulitukanwa wewe na ukoo wako wote. Bingwa wa matusi alikuwa jirani yetu, Mama Nyota, aliyedai kwamba msichana anayecheza mpira atazaa mtoto mwenye miguu tu, bila kichwa.

Ilikuwepo sheria moja ambayo hakuna aliyetufundisha, nadhani tuliinyonya. Mvua ikianza, kila aliye karibu anakimbia kuokoa ndagala, bila kuuliza ni wa nani. Mvua ya kwetu hushuka milimani bila hodi, na samaki waliokaribia kukauka wakilowa, hata kuku huwasusa. Ukianza kumtafuta mwenye mali, umeshachelewa.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nikicheza kiungo. Jumamosi moja alikuja mama mmoja kutoka Bukavu, kocha, kuchagua wasichana wawili wa kwenda kusoma na kucheza kwenye kituo chake. Tulipangiwa kucheza na wasichana wa Luberizi, waliofika wamekaa juu ya magunia ya mpunga ndani ya lori. Wiki nzima nilikuwa nikiuombea mguu wangu wa kushoto. Mama yangu, ambaye naye aliuza ndagala, hakuwahi kuja kunitazama. Alisema mechi hazina mwisho na samaki hawasubiri. Siku hiyo nilimwona nyuma ya goli letu, nikajua yuko kazini kama kawaida.

Nilicheza vizuri. Nasema hivyo bila aibu. Kila nilipogusa mpira, kocha aliinama kuandika. Kipindi cha pili niliwapita wawili, nikainua kichwa kutafuta wa kumpasia, na hapo hapo matone yakaanguka, makubwa, na kina mama wakapaza sauti: "Mvula! Mvula! Ndagala!"

Sikufikiri. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri. Golikipa alitangulia, nasi sote tukamfuata mbio, tukapiga magoti, tukakunja neti. Mimi niliikumbatia ya kwanza niliyoifikia, nayo ilikuwa ya Mama Nyota. Nyuma yangu msichana mmoja wa Luberizi aliuchukua mpira wangu, akatembea nao polepole hadi kwenye goli tupu, akafunga. Refa akapuliza filimbi. Bao.

Tuliporudi, kocha alikuwa anafunga daftari lake. Nilimkimbilia nikiwa na magamba hadi kwenye kope.

"Madamu, hatukukimbia mvula. Ilikuwa juu ya ndagala."

"Ndagala? Iko inacheza namba ngapi?" aliuliza, na hakuwa akitania. Akajigusa kifua. "Minye natafuta mutoto mwenye atabaki na mupira, hata mbingu ikianguka."

Akachagua wawili wa Luberizi, mmoja wao yule aliyetembea na mpira wangu.

Nyumbani mama alisonga ugali kana kwamba unga umemkosea, akaniwekea sahani, akanipa mgongo. Nilimchukia. Niliona amefurahi, samaki wameokoka na mpira umekwisha, nikamwambia, "Si ndagala yako iko salama? Basi." Akatoka nje na sufuria. Nilingoja miaka minne kabla kocha mwingine hajanitazama nikicheza, na yote minne nilimwekea mama kinyongo.

Leo nacheza kwa mshahara, ng'ambo ya ziwa. Mwaka jana nilirudi likizo, Mama Nyota akaja kunisalimu, amezeeka lakini mdomo ni uleule. Nikamtania kwamba samaki wake na wa mama yangu walinilia miaka minne. Akanikodolea macho.

"Ndagala yangu, ndiyo. Lakini mama yako siku ile hakuanika hata moja. Tulimuuliza, neti yako iko wapi? Akasema, minye leo niko na mechi."

Jioni nilimuuliza mama kama ni kweli. Macho yake yamezimika kwa ugonjwa siku hizi. Mechi zangu anasimuliwa na dada yangu, anayekaa mbele ya televisheni. Aligeuza uso upande wa sauti yangu.

"Uliwapita wawili," alisema. "Ukainua kichwa. Nikasema, sasa."

Nimecheza katika viwanja vilivyojaa watu hadi kwenye ngazi. Mama yangu amewahi kunitazama mara moja tu, nami nikatoka uwanjani.