Nilipotosha Neno Moja, Kinamasi Chetu Kikafukiwa

Jina langu liacheni. Hapa Namuwongo wanaonijua wanatosha, na hawanipendi tena. Nataka tu niseme kwa mdomo wangu mwenyewe: kile kinamasi kilichofukiwa kule chini mto unapotanuka, aliyekiua ni mimi. Si mvua, si mafuriko. Mimi!

Mimi ni Mkongo. Nilikuja Kampala na mume na mtoto mgongoni, tukikimbia vita. Mume akafariki, nikabaki nimekodoa macho. Aliyenipokea ni mama mmoja Mganda. Tumwite Nalongo, maana akina mama wa mapacha ni wengi hapa, hamtamtambua. Sikumwomba kitu. Alinikuta nimekaa kando ya reli nimejiinamia, akanipa kisu cha kukatia mafunjo, akanionyesha kwa mkono: twende.

Basi nikaingia kwenye kundi lao. Waganda watupu, mgeni mimi peke yangu. Tunakata mafunjo, tunasuka mikeka, tunapeleka sokoni Kikuubo. Na msidhani tulikata ovyo! Nalongo alikuwa mkali kuliko askari. Tukikata upande huu, ule mwingine unapumzika mpaka urudi kimo cha mtu. Pale ndege wa manjano walipotundika viota, hugusi. Pale kambare wanapozalia kwenye mizizi, hukanyagi, na wavuvi, wanaume wa migono, nao walilijua hilo. Mto uliingia pale umebeba uchafu wa mji mzima, ukitoka upande wa pili angalau unatazamika. Sisi tunakula, samaki wanazaa, ndege wanapiga kelele zao. Tulikuwa tunaishi, banange!

Nalongo alinifundisha Luganda mpaka nikawa naota kwa Luganda. Yeye Kiswahili hakukitaka. Kwake hiyo ilikuwa lugha ya wanajeshi, tangu enzi za vita, akikisikia anaangalia mlango uko wapi. Wenzake nao walijua cha sokoni tu, bei gani, punguza. Kwa hiyo akija mtu wa Kiswahili, naitwa mimi. Nalongo alikuwa akisema, "Akisema huyu, ni mimi nimesema."

Sasa nije kwa shemeji yangu. Mdogo wa marehemu mume wangu, dereva wa malori, mtu wa maneno matamu. Huyu ndiye aliyenisaidia kumzika kaka yake. Mtoto wangu alimwita baba. Siku moja alikuja kwangu, akala, akanawa, akaniambia:

"Shemeji, nimepata mtu wa kuchimba mabwawa ya samaki pale kwenye mafunjo. Mabwawa ya kisasa! Mtauza samaki mpaka mchoke. Ila hao mama zako wakiona jembe tu watapiga makelele waharibu mpango. Fanya wakae nyumbani muda kidogo. Yakishaisha, watakuja kukushukuru wenyewe."

Nikamwuliza, na mafunjo je? Akacheka. "Yatabaki pembeni. Mimi nikudanganye wewe? Wewe damu yangu!" Akaniahidi na chumba cha kusukia chenye bati, mimi ndiye nitakuwa msimamizi. Msimamizi! Mjinga mimi, nilikiona kile chumba hadi dirisha lake.

Wiki ileile akaja afisa wa mazingira, mama mpole, kwao mpakani huko mashariki, Luganda hajui kabisa. Alisimama ukingoni na viatu vyake vimejaa tope, akasema kwa Kiswahili, akinitazama mimi nitafsiri:

"Kina mama, mlinde hapa. Msiache kuja. Kateni kwa zamu kama mlivyozoea, na mkiona lori la udongo nipigieni simu mara moja. Pakionekana pana watu wanaopatunza, nitakuwa na nguvu ya kupatetea. Pakionekana pamelala, pataliwa."

Wasiojua Luganda wanisikilize hapa. Kwa Kiswahili kulinda ni kukaa macho, mwizi asiingie. Kwa Luganda okulinda ni kungoja tu. Neno ni hilohilo, sauti ni hiyohiyo. Wageni wengi huchanganya, wanachekwa, yanaisha. Lakini mimi sichanganyi! Nilijua natakiwa kusema mukuume, yaani mkae macho. Nikafungua mdomo, nikasema, "Agambye mulinde." Amesema mngoje.

Wote wakaitikia kwa kichwa. Wataachaje? Walikuwa wamelisikia neno lenyewe kwenye mdomo wa afisa! Na ya lori, na ya simu, na ya kukata kwa zamu, nikayameza yote.

Nalongo peke yake alikunja uso. Akaniuliza, "Munnange, tulinde okutuusa ddi?" Rafiki yangu, tungoje mpaka lini?

Nikatabasamu. Nikamwambia, mpaka watakapotuita. Akasema sawa. Akageuka kwa wenzake akawaambia wafunge visu vyao. Afisa naye akafurahi kuona wamekubali upesi hivyo, akatushika mikono wote akaondoka.

Wakangoja. Watu waaminifu wanajua kungoja! Wale wanaume wa migono nao, Nalongo akawaambia wangoje, wakangoja. Wengine walianza kulala njaa, wakinikuta njiani wananiuliza, hawajaita? Nasema bado kidogo.

Nilipoona malori yanateremka, moyo ulifurahi, nikajua ndiyo yale mabwawa. Nikashuka kuangalia. Mungu wangu! Kifusi! Wanamwaga kifusi juu ya mafunjo, matofali yaliyovunjika, udongo mwekundu, tingatinga linasukuma. Wale ndege wanazunguka hewani hawana pa kutua. Kambare wanarukaruka kwenye tope, watu wanawaokota kwa ndoo. Nikamwona shemeji kwenye usukani wa lori la mbele. Alinitazama, akaangalia pembeni kama hanijui.

Nilimpigia simu. "Shemeji, tulia," akasema, akakata. Baadaye ikawa haipatikani. Hakukuwa na bwawa. Tajiri mmoja alitaka kujenga stoo, na shemeji alikuwa ameahidiwa kazi ya kumwaga udongo.

Mwenyekiti wa mtaa aliita mkutano. Afisa alikuja na hasira. "Niliwaambia mlinde!" alipiga kelele.

"Twalinda!" akina mama wakajibu kwa sauti moja.

"Mlilinda wapi, na malori yamepita?"

Mwenyekiti, anayejua lugha zote mbili, akamtafsiria Nalongo swali. Nalongo akasimama, akajibu nyumbani, tulikuwa tunangoja nyumbani kama ulivyotuamuru. Mwenyekiti akamfikishia afisa kwa Kiswahili. Halafu macho yote yakanigeukia, moja baada ya jingine.

Ningeweza kusema nimekosea, ni Luganda yangu mbovu. Nilikuwa nimeshayaandaa maneno! Lakini shemeji alikuwapo, amekuja na yule tajiri. Akainuka, amevaa shati la kaka yake, shati nililompa mimi. Akasema, "Msitusumbue sisi. Huyu shemeji yangu alijua kuna mpango. Yeye ndiye aliyewaweka nyumbani. Mwulizeni aliahidiwa nini."

Hakusema uongo hata kidogo. Ndiyo maana iliniuma hivyo! Mtu niliyemficha, aliniuza kwa ukweli.

Kinamasi hakikurudi. Stoo imejengwa. Mvua ikinyesha maji yanakosa pa kwenda, yanaingia kwetu, kwangu pia. Wanaume wa migono wanabeba mizigo. Wenzangu wanafua nguo za watu huko Nsambya. Nalongo, aliyekuwa akisuka mkeka unautazama unasahau njaa, anatembeza mikeka ya plastiki ya watu.

Nilikwenda kumwomba msamaha. Nilipiga magoti mlangoni, nikaanza kwa Luganda, ile Luganda yake mwenyewe. Akainua mkono kunizuia. Akamwita jirani yake, Mkongo mwenzangu, aje akae katikati yetu. Akaniashiria niseme kwa Kiswahili. Kiswahili, jamani! Lugha asiyotaka kuisikia.

Nikasema kila kitu, nalia. Jirani akatafsiri. Nalongo akasikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Mugambe nti mpulidde."

"Anasema amesikia," jirani akaniambia. Alitafsiri sawasawa, hakuongeza, hakupunguza.

Shemeji simtafuti. Aliyenitupa ni yeye, lakini kisu cha mafunjo nilipewa na Nalongo, na ndiye niliyemgeuka. Ninyi mnaosimama katikati ya watu wasioelewana, ninyi mnaoaminiwa mseme kwa niaba ya wengine, nawaomba: msimtazame ndugu anayewaahidi chumba. Mtazameni anayewauliza swali wengine wakishaitikia, maana huyo hajalala, ana mashaka, na bado anawaamini. Mwambieni ukweli palepale, hata kama mmeshadanganya. Mimi niliulizwa. Nilikuwa na nafasi, nikatabasamu.