Nota ya Juu na Mpunga wa Michenga

Hakuna mtu aliyenitesa kama yule mtunzi wa Ulaya aliyekufa zaidi ya miaka mia tatu iliyopita. Alitunga muziki wa kanisa, na pembeni akaandika riwaya za kuchekesha zilizotoka kwa majina ya bandia. Siku moja alikwenda kwenye mashindano ya kulenga shabaha, bunduki ya mtu ikafyatuka, risasi ikampata, akafa. Leo muziki wake hauimbwi na mtu ninayemjua. Mimi ni mwalimu wa kwaya hapa Ifakara, na mswada wangu wa riwaya unaliwa na mchwa. Nilipousoma mkasa wake niliogopa kweli. Niliona na mimi nitakwenda hivyohivyo.

Nikapata nota za wimbo wake mmoja, nikazigeuza kuwa solfa, zile do-re-mi za kwaya, nikatia maneno ya Kiswahili. Nikaapa uimbwe Pasaka, hata mara moja tu.

Mwalimu mwenye akili hapangi wimbo mgumu wakati mpunga unatia maziwa. Sauti ya kwanza yote ilikuwa mashambani ikiamia ndege wasile mpunga, watu wanapiga kelele tangu alfajiri hadi jua kuzama. Mazoezini walikuja sauti zikikwaruza. Aliyeweza kuifikia nota ya juu alikuwa dada yangu peke yake, naye shamba lake liko Michenga.

Nikamfuata. "Shikamoo dada. Nakuomba, wiki hii usipige kelele. Piga debe tu."

"Marahaba. Debe ndege wameshalizoea. Kwani huo wimbo wako unapikwa?"

"Nitakufa haujaimbwa, dada."

Akanitazama, akaguna. "Haya. Ila ukikosea kuongoza, nakuzomea mbele ya padri."

Pasaka akaimba, koo likiwa bado bovu. Alipoishika ile nota nililia bila kujificha. Halafu yakasomwa matangazo, kama kawaida.

Misa ilipokwisha nikamtafuta nimshukuru, kumbe ameshaondoka. Nikachukua bodaboda hadi Michenga. Nilimkuta juu ya kichanja cha kuamia ndege, mishipa ya shingo imemtoka, mdomo wazi, wala hakuna kinachotoka. Sauti yote aliimaliza kanisani. Debe lilikuwa linalia, na ndege wanakula kwa raha zao.

Nikapanda, nikapiga kelele mpaka sauti yangu nayo ikakauka. Ndege wakaruka, wakatua upande wa pili wa shamba, wakaendelea kula.