Mstari wa Pembeni ya Wifi

Kwetu ni Morogoro, na kabla ya kuolewa Bariadi pamba nilikuwa nimeiona kwenye magodoro tu. Msimu wa kwanza wa kuchuma, mama mkwe alinipokea shambani kwa salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akanifunga kitenge kiunoni kiwe mfuko, akaniambia nichague mstari. Nilitaka ukoo mzima urudi nyumbani ukisema mkamwana anajua kazi.

Kwa kiherehere changu nikachukua mstari wa pembeni ya mama mkwe. Muda si muda nikawa namwona mgongo, kisha kilemba, kisha simwoni kabisa. Sasa, shambani kwao aliyemaliza hugeuka, akaingia mstari wa jirani kutokea mwisho na kumsaidia mpaka wakutane. Kwa hiyo wote wanaona nani kakutwa wapi. Mimi nilikutwa karibu na nilipoanzia.

Kesho yake nikatumia akili. Wifi yangu, dada wa mume wangu, alikuwa na mimba kubwa, hata kuinama ilikuwa shughuli. Nikasema huyu ndiye saizi yangu. Nikajisogeza pembeni yake, eti nimpe kampani.

Akanipita. Nilikasirika jamani, siwezi kuficha. Nikawa navuta pamba na majani yake, vidole vinachomwa, na bado nikamwona anakuja kunisaidia kutokea mwisho, anahema, jasho linamchuruzika.

"Wifi, na hali hiyo unakimbilia nini?"

Akakaa palepale chini. "Nakukimbia wewe," akasema. "Una digrii, una ofisi, mama anakutangaza kwa majirani kila siku. Mimi fomu foo ilinishinda. Na huku nako ukinipita, nitabaki na nini?"

Mimi na digrii yangu nilikuwa naionea wivu mikono yake. Ikabidi nimwambie kwamba nilimchagua kwa sababu ya tumbo. Alicheka mpaka akalishika hilo tumbo kwa mikono miwili, nami nikacheka huku machozi yananilengalenga.

Siku iliyofuata tukachukua mstari mmoja, yeye kushoto, mimi kulia, na soga juu. Tulimaliza wa mwisho shamba zima. Mama mkwe akaja amefura, anataka kujua nani kamchelewesha mwenzake.

Tukatazamana. Hakuna aliyejua.