Gia Iliyopotea Uani

Nilimshtaki jirani yangu kwa balozi wa nyumba kumi kuwa ni mwizi, na hadi leo sijui uso niuweke wapi. Nilikuwa nimefungua injini na giaboksi ya gari la zamani la marehemu baba, vyuma nikavitandaza uani, hapa Nkende. Wakati wa kufunga, gia moja haipo! Nikahesabu upya, nikapekua hadi sufuria za mboga, kichwa kikazidi kuzunguka. Aliyekuwa akipita uani ni huyo jirani, mzee Mwita, peke yake. Basi nikamwita balozi. Tukiwa tunabishana, ndama wangu akarudi kutoka malishoni, gia inaning'inia shingoni. Nilimfungia mwenyewe asubuhi, imlemee asikimbilie mahindi ya Mwita, kisha nikasahau. Mzee akamtazama ndama, akanigeukia: "Haya kijana, mpige stata huyo, tuone kama atawaka."