Bi Thelma, Mnakili wa Maziko

Watu wote na wajue, walio hai na waliolala makaburini, kutoka ufukweni hadi mwisho wa mashamba ya kaunti ya Norfolk, kwamba katika kijiji cha Stannock yupo mwanamke asiyetokana na mtu yeyote wa maana. Jina lake Thelma Larter. Babu yake aling'oa viazi. Babu wa babu yake aling'oa viazi katika shamba lilelile. Ukipanda juu zaidi unakutana na mtu aliyefungwa wiki mbili kwa kuiba viazi, na hapo ndipo ukoo wa Larter ulipofikia kilele cha umaarufu wake.

Kwingineko hilo lisingekuwa habari. Lakini Bi Thelma alikuwa mwanachama wa Chama cha Historia na Nasaba cha Stannock na Viunga Vyake, na humo ndani kutotokana na mtu ni sawa na kwenda harusini na kaptura.

Chama kilikuwa na wanachama ishirini na wawili, na kwa madai yao wenyewe kumi na tisa walikuwa na damu ya mabwana. Mmoja aliuza mazulia, mwingine alichonga meno ya bandia, wa tatu alikuwa na duka la chakula cha mbwa. Lakini ole wako uwatazame hivyo. Wao hutazamwa kwa kurudi nyuma. Ukiwasikiliza utadhani zamani kaunti nzima ilikaliwa na mabwana wenye majumba tu, wakijikamulia ng'ombe wenyewe na kujifulia soksi wenyewe, na kwamba hakuna mkulima hata mmoja aliyewahi kubahatika kupata mtoto.

Bi Thelma alipika chakula cha shule kwa miaka ishirini na minane. Alipostaafu akaanza kupanda basi kila Jumanne na Alhamisi kwenda kwenye hifadhi ya nyaraka ya kaunti. Huko, ambako kalamu ya wino ni haramu kama bangi, alikaa na penseli yake akinakili rejista za maziko za parokia kumi na moja. Wenzake walikwisha gawana ubatizo na ndoa. Ubatizo una matumaini, na ndoa huwa na shamba la mke ndani yake. Maziko hayakutakiwa na mtu.

"Mtu akishakufa ana habari gani tena?" mwenyekiti alikuwa akisema, na chama kizima kinacheka, maana mwenyekiti hucheka kwanza.

Miaka kumi na tisa Bi Thelma alinakili wafu. Madaftari yakafika arobaini na moja. Mwezi Agosti alimzika daftarini mtu wake wa mwisho, akachonga penseli, akaitia mfukoni. Sasa alidai jambo moja tu: kitabu. Chama huchapa kitabu kimoja kwa mwaka, na alikuwa ameahidiwa, kwa maandishi, kwamba siku akimaliza zamu itakuwa yake.

Mkutano mkuu ulifanyika Jumamosi mchana katika ukumbi wa parokia, mvua ikinyesha kama kawaida yake, yaani bila bidii na bila kukoma. Bi Thelma alifika akiburuta madaftari yake yote kwenye kikapu cha magurudumu cha kununulia mboga. Katibu, Prudence Mace, alimkimbilia mlangoni na kipande cha keki ya ndimu, kama mtu anayemtuliza mbwa kabla ya sindano.

"Usichukie, mpenzi. Mwaka huu tunachapa cha Clive. Chako mwakani."

"Mwakani nina miaka themanini."

"Si ndiyo vizuri? Tutasherehekea!"

"Na madaftari?"

"Tutayahifadhi stoo. Salama kabisa."

"Stoo ileile iliyokula historia ya visima?"

"Lo, Thelma! Yule alikuwa panya mmoja tu."

Bi Thelma aliitazama keki, akaitazama sura ya Prudence, akaona vyote viwili vimeumuka kwa unga wa aina moja. Akaketi safu ya nyuma. Panya wa Stannock aliwajua. Wangeanza na daftari la kwanza, na kufikia Pasaka wangekuwa wamemaliza karne nzima.

Clive Thirkettle, mwenyekiti, ndiye muuza mazulia. Alisimama akiwa amevaa pete mpya yenye nembo ya ukoo wa Astelby, wenye Jumba la Astelby, ambao kwa bahati yao njema walikwisha kufa wote na hawakuweza kulalamika. Akaukunjua mti wake wa ukoo ukutani. Ulikuwa na urefu wa mita tano, na ndiyo maana kazi hiyo ilimfaa muuza mazulia. Chini kabisa alikuwa Clive. Juu kabisa walikuwa mabwana wenye mapanga. Katikati, akiwa amebeba uzito wote huo, alikaa Edmund Astelby, mtoto wa jumbani, baba wa watoto saba, ambaye binti yake mkubwa aliolewa na mtu wa ukoo wa Thirkettle.

"Ndugu zangu," alisema Clive, sauti ikitetemeka, "mwacha asili ni mtumwa."

Wahenga walisema hivyo, kweli. Hawakusema lolote kuhusu mtu anayeazima asili ya jirani.

Bi Thelma alivaa miwani, akaenda ukutani, akainama pale penye Edmund kama mpishi anayenusa samaki.

"Clive, huyu umempata wapi?"

"Mtandaoni. Kuna mama mmoja wa Kanada, mtaalamu sana."

"Naye kampata wapi?"

"Kwa bwana mmoja wa Australia."

"Naye?"

Clive alikohoa. "Yule... yule aliandika kwamba kampata kwangu."

"Mzee ametembea huyo," alisema Bi Thelma. "Kazunguka dunia nzima, karudi nyumbani, na hakuna hata mmoja aliyemwomba pasi."

"Ubatizo wake nimeuona kwa macho yangu! Tarehe tatu Machi, 1741, kanisa hilihili!"

"Ubatizo upo. Na maziko ulitazama?"

"Nitazame maziko ya nini, mama? Mtu alizaa watoto saba!"

Kazi hii ina sharti moja, na anayeingia leo hufundishwa leo: kabla hujamwoza mtu, hakikisha hajafa. Watoto wa zamani walikufa kama vifaranga. Lakini muungwana wa Stannock akishampata mtoto wa bwana kwenye ubatizo hupiga mbio moja kwa moja hadi harusini, hafungui rejista ya tatu, asije akakuta jambo la kumkera.

Bi Thelma aliinama kwenye kikapu, akatoa daftari la ishirini na tatu, akasoma kwa sauti ileile aliyokuwa akiwasomea wanafunzi orodha ya chakula. "Tarehe kumi na mbili Machi, 1741. Edmund, mwana wa bwana wa Jumba la Astelby. Umri, siku kumi na moja."

Norman Bunn, mchonga meno, akapasuka kwa kicheko.

"Siku kumi na moja, watoto saba! Clive, ndugu yangu, wanaume wa kwenu hawalali!"

"Nyamaza wewe!" Clive alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Yupo Edmund! Jina lake liko kwenye ndoa ya binti yake!"

"Yupo," alisema Bi Thelma, akitoa daftari jingine. "Huyu hapa. Januari 1803. Edmund Astelby, mkamata fuko, aliyeokotwa akiwa mtoto mchanga mlangoni pa jumba na kupewa jina la jumba."

"Mkamata fuko?"

"Na inaelekea alikuwa hodari. Parokia ilimpa kazi miaka arobaini, kuwanasa fuko wanaochimbua mashamba."

Clive aliketi. Aliivua pete polepole, akaitia mfukoni pamoja na funguo za gari la mazulia. Laiti angekuwa na akili angefurahi. Kwa mara ya kwanza maishani alikuwa na babu aliyefanya kazi. Lakini damu ya mwanachama wa Stannock haipozwi na ukweli.

Ikaja kura ya kitabu cha mwaka, na hapo ndipo unapoijua jamii ya waungwana. Usidhani waliupenda ukweli. Kila mmoja aligeuka kumtazama jirani yake. Mama wa chakula cha mbwa alimtazama Norman na mjomba wake askofu. Norman alimtazama mama wa chakula cha mbwa na shujaa wake wa vita vya msalaba. Kila mmoja aliamini kwamba babu yake mwenyewe yuko salama salimini, na kwamba wa mwenzake alikufa akiwa na siku kumi na moja. Mikono ishirini na mmoja ikainuka kuchapa maziko, mkono wa Clive ukiwemo, maana alikwisha kufikiria habari za Norman.

Bi Thelma hakuinua mkono. Alikuwa akiyapanga madaftari kikapuni.

Prudence Mace aliona kwamba upepo umegeuka, naye akageuka nao. Alipanda jukwaani, akafuta machozi ambayo hayakuwepo.

"Dada yetu Thelma," alisema, "kwa miaka kumi na tisa uliketi peke yako katika hifadhi ile pamoja na wafu wetu. Mvua haikukuzuia, theluji haikukuzuia. Hebu tuambie, ili kizazi kijacho nacho kisikie: ni nini kilichokuwa kikikupeleka kule kila wiki?"

Bi Thelma alifunga kikapu.

"Kule wanawasha hita," alisema. "Kwangu kuna baridi."